Moto wa Makuti

Marehemu nyanya hakuupima moto kwa saa.
Aliupima kwa kelele:
makuti hulia kwa fujo, yakanyamaza;
gogo la mvinje halisemi kitu,
na alfajiri bado lina kaa jekundu tumboni.

Nilidhani hayo ni mambo ya jikoni tu.

Kisha Shekuwe, mtoto wa dada yangu,
akaipandisha halwa yetu ya Langoni mtandaoni.
"Mama mdogo, watu hawapiti tena mlangoni,
wanapita hapa," akanionyesha kioo cha simu,
"na wa juu ndiye anayeonekana."
Tukalipa tuwe juu.
Shilingi ishirini na nane kwa kila anayebonyeza,
anunue asinunue.

Siku tatu, elfu nne na mia mbili.
Watu mia na hamsini walibisha hodi,
makopo sita yakatoka.
Mmoja alikuwa anatafuta kazi Lamu.
Mwingine, Mungu amhifadhi, alikuwa anatafuta jina la mtoto mchanga, Hilwa.
Nikamwambia kijana: zima.
Akazima,
na duka la kioo likawa kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Wiki ya kwanza niliringa.
Ya pili nilihesabu makopo.
Ya tatu nikaketi na Shekuwe kando ya karai,
akanisomea yale watu wanayouliza wenyewe,
bila kulipiwa na yeyote:
halwa inakaa siku ngapi bila friji
halua ina ngano
haluwa ya harusi kilo ngapi watu mia mbili
Halwa, halua, haluwa: kila mtu na tahajia yake,
hamu ni moja.

Majibu hayo ninayo tangu sijavunja ungo.
Nikasema, akaandika, ukurasa mmoja kila Alhamisi:
iliki isagwe siku ileile;
ni wanga, si ngano;
kopo lisifunikwe halwa ikitoa mvuke.
Mwezi wa kwanza, wasomaji wanne.
Wa pili, kumi na mmoja.
Nusura niyatupe magogo uani.
Mwezi wa tano, Bi Jerotich wa Eldoret,
aliyeuliza tu habari ya friji saa saba za usiku,
akaagiza kilo tatu,
wala hakunigharimu hata ndururu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi huunguza karai:
makuti sikuyaacha.
Ramadhani ikifika nusu,
nani ana muda wa kungoja gogo lishike?
Hapo nalipa, nalipa haswa:
zawadi ya Idi, halwa kutumwa Nairobi,
na wale wa kazi Lamu nimewafungia mlango.
Mfungo Mosi ukitulia, nazima.

Jina langu mwenyewe sikutaka kulilipia.
Nani hutoa kiingilio kuingia kwake?
Mpaka nikamkuta bwana mmoja wa Mombasa
amelinunua, kaketi juu yangu;
unatafuta Halwa ya Mwanaate,
unalakiwa na yeye na tabasamu lake.
Basi hapo huacha sarafu chache,
kama mtu aachaye taa ya ukumbini ikiwaka
ili mwizi ajue kuna mwenyewe.

Shekuwe ana jedwali lake, huku kiasi hiki, kule kiasi kile.
Mimi nina mwiko.
Nautia, nausikiliza kwa kiganja:
ukiwa mwepesi, naongeza makuti;
ukianza kuwa mzito, nayaachia magogo kazi yao.
Kipimo cha mwaka jana hakikufaa mwaka huu.

Leo Alhamisi. Mtu wa Garissa ameuliza
mbona halwa yake imetoa samli juu.
Hakununua kwangu. Huenda asinunue kamwe.
Shekuwe, njoo na hiyo simu,
andika, kabla shira haijashika.